Gugu la Kyuso na Hukumu ya Neno

Wahenga walinena kwamba asiyekujua hakuthamini. Ukweli wa methali hii ulinidhihirikia Kyuso, kaskazini ya mji wa Mwingi katika Kaunti ya Kitui, nilikozuru baada ya mvua za Novemba.

Mwenyeji wangu, mama wa makamo, alikuwa akichuma mboga kando ya shamba la pojo. Nami, kwa nia njema ya mgeni, nikainama kumsaidia kung'oa magugu. "Mwalimu, taratibu!" alinikanya huku akicheka. "Hicho unachokitupa ndicho kitoweo chako cha jioni. Hicho ni kikowe."

Nilitazama mkononi. Ulikuwa mmea wa mashina mororo, utambaao, wenye maua madogo ya buluu. Wanasayansi huuita Commelina benghalensis. Wagikuyu huuita mukengeria, na wengi huwalisha sungura. Nchini Marekani umeorodheshwa kisheria miongoni mwa magugu haribifu. Jioni hiyo nililetewa majani yake machanga yaliyopikwa pamoja na ya kunde, utelezi wake ukiulainisha ugumu wa mwenziwe, nayo ngima ikateremka bila taabu.

Mmea huu hutoa mizizi kila kifundo chake kigusapo ardhi, na huficha maua na mbegu nyingine chini ya udongo. Ukaidi huo unaomuudhi mkulima ndio unaouchipuza upesi mvua inyeshapo, wakati ghala ni tupu na mazao hayajakomaa. Kwa jamii iliyozipa njaa zake majina, kama ile ya Ngomanisye ya mwishoni mwa karne ya 19, hilo si jambo dogo.

Basi nikajiuliza: gugu ni nini? Si jina la mmea, ni hukumu. Hebu tulitazame neno "kunde". Agiza kunde Nairobi, utaletewa majani. Agiza Tanzania, utaletewa punje. Neno hufuata mkono wa mlaji. Mlaji akitoweka, jina hufa, na kisichokuwa na jina jembe halikihurumii.

Vijana wa nyumba ile, waliokuwa likizoni, walinitajia kabichi na sukuma wiki bila kusita. Mboga za mwituni hawakuweza kunitajia hata tatu. Sikuwalaumu, kwani hata mimi, mwenye shahada ya uzamifu katika isimu, nilikuwa nimekishika chakula nikakiita takataka.

Makavazi ya Taifa yalichapisha mwaka 1999 kitabu cha mimea ya asili iliwayo nchini, nayo Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inaiagiza dola iziendeleze lugha za kiasili. Hata hivyo, kitabu na katiba havichumi mboga. Kazi hiyo inamngoja mzazi ampelekaye mtoto shambani, na mwalimu amtumaye mwanafunzi kwa nyanya yake na daftari mkononi. Nasi wanaisimu tuandamane naye, kabla nyanya hajaondoka na kamusi yake.