Pavema laini, magoti mazima



Kiangazi kikifika, katika makambi na katika mitaa yetu unasikia sauti ile ile kila siku ya posho: koleo linakoroga simenti. Mutu amepata mifuko mitano au sita, ameita wakwe na majirani, na leo anataka kumaliza pavema ya chumba. Ni jambo zuri. Pavema laini inaoshwa vizuri, funza hawapati vumbi la kujificha, na mutoto anayetambaa hali udongo. Lakini ukurasa huu ni wa usalama na afya, na tunapashwa kusema wazi: kuna wanaoamka siku ya yenga wakiwa na pavema mbaya, tena na vidonda katika magoti. Mambo hayo mawili yana mama mumoja, na jina lake ni haraka.

Wengi wanafikiri simenti ni udongo tu. Sivyo. Simenti ni mawe ya chokaa na udongo vilivyochomwa pamoja katika tanuru, kwa moto wa digri 1450 hivi, kisha vikasagwa. Ikikutana na maji, inatoa chokaa kali sana. Ukali wa namna hiyo unapimwa kwa namba: maji safi yana 7, simenti mbichi ina 12 na kupita. Inakula ngozi polepole. Ubaya wake ni kwamba haiumi mara moja. Moto unakuonya, unaondosha mukono. Simenti inakuacha upige magoti saa mbili, saa tatu, ukiimba na wenzako. Maumivu yanakuja usiku.

Mimi mwenyewe nina kovu katika goti la kushoto. Nilikuwa kijana, nilisaidia mukubwa wangu katika parsele yake. Suruali ililoana magotini. Nilisema moyoni, nitabadilisha tukimaliza. Jioni nilisikia mwasho kidogo tu. Usiku sikulala. Asubuhi ngozi ilikuwa nyeusi, na munganga akaniuliza kama nilianguka katika moto. Nilimwambia hapana, nilikuwa nalainisha simenti. Kidonda kilichukua wiki nyingi, na mukubwa wangu alichekwa na majirani, maana hata pavema yenyewe ilipasuka.

Basi tuanze na kazi yenyewe, kwa sababu anayejua kungoja anapata pavema nzuri na analinda ngozi yake pamoja.

Beto ya chini koroga hivi: ndoo moja ya simenti, mbili za muchanga, tatu za mawe madogo. Kwa mufuko mumoja wa kilo 50, maji litre 25 yanatosha, na kama muchanga umeloana punguza. Najua, kijana wa koleo atalia kwamba ni nzito, ataomba maji. Mukatalie. Maji mengi yanarahisisha kazi ya leo na kuharibu pavema ya kesho: yakitoka yanaacha matundu, na uso unakuwa unga.

Ukisha kumwaga, nyoosha kwa ubao murefu ulionyooka. Watu wawili wanaushika, mumoja huku, mumoja kule, wanauvuta kwao wakiutingisha kushoto na kuume kama musumeno. Pitisha nivo. Kisha pitisha talosi ya mbao mara moja, uzamishe mawe yaliyobaki juu. Halafu weka vyombo chini. Nenda ukanywe maji.

Hapa ndipo wengi wanakosea. Kisha muda kidogo maji yanapanda juu ya beto, uso unang’aa. Fundi mwenye haraka anachukua mwiko wa chuma, anaanza kusugua. Au anamwaga simenti kavu juu ili inywe maji. Machoni inapendeza siku ile. Lakini amefunga maji chini ya ngozi nyembamba, na ngozi hiyo itabanduka vipande vipande. Tena, kwa kuwa beto bado ni uji, anapiga magoti ndani ya maji yale makali. Ona namna kosa moja linapiga mara mbili.

Ngoja maji yaishe na uso uache kung’aa. Kanyaga pembeni kwa bote: alama ya kisigino ikizama nusu santimetre hivi, saa imefika. Ikizama zaidi, rudi kukaa. Katika baridi ya mwezi wa sita utangoja sana. Katika jua la mwezi wa kumi ni haraka, usiende mbali.

Sasa tafuta mbao mbili pana, karibu santimetre 60 kila upande. Piga magoti juu ya moja, sogeza nyingine nyuma yako, na endelea hivyo ukirudi kinyumenyume mpaka mulangoni. Mbao zinagawanya uzito wako usizame, na zinaweka magoti mbali na simenti. Ukikata mupira wa ndani wa gurudumu la kamio na kufunga magotini, ni vizuri zaidi. Talosi ya mbao inazunguka kwanza, ikifunga matundu. Kisha mwiko wa chuma: mara ya kwanza uulaze sawa, mara ya pili uinue upande mumoja kidogo tu na kukandamiza. Ukisikia chuma kinalia juu ya beto, imefunga. Usiendelee kusugua kwa kiburi, uso utageuka mweusi.

Si kila mahali panataka chuma. Njia ya nje, ngazi, mahali pa kuoga, mahali mama anapopita na ndoo kichwani: hapo ulaini ni hatari. Maliza kwa talosi ya mbao, kisha vuta fagio gumu kukatisha njia ya miguu, ubaki na mistari. Katika atelie zetu ni vile vile. Penye mafuta na maji, beto inayong’aa kama kioo inavunja mifupa. Kule wanakotumia mashini ya kuzunguka, ile mafundi wanaita helikoptere, mufungue milango yote. Motere ya esansi katika nyumba iliyofungwa inatoa hewa isiyo na harufu inayoua mutu.

Nguo sasa. Bote za mupira, suruali nje ya bote na si ndani, maana simenti ikiingia katika bote inakaa na mguu muchana mzima. Mifuko ya mikono ya mupira, si ya kitambaa, kitambaa kinakunywa. Suruali ikiloana, ivue pale pale. Usiseme kama nilivyosema mimi. Weka pipa la maji safi karibu, mbali na maji ya kukoroga.

Simenti ikigusa ngozi, osha kwa maji mengi yanayotiririka, dakika 20 nzima. Ikiingia katika jicho, osha vile vile ukishika kope wazi, na kisha nenda hopitali hata kama maumivu yamepungua. Usipake mafuta, wala dawa ya meno. Ngozi ikigeuka nyeupe, kijani au nyeusi, usingoje, mwambie munganga neno hili: simenti. Kuna na wengine wanaoota mwasho na kupasuka mikono kila wakishika simenti, hata kidogo. Ni kromi iliyo ndani. Nchi za Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2005 hazikubali simenti yenye zaidi ya gramu 2 za kromi hiyo katika tani moja. Mwili ukisha kuikataa, unaikataa kwa siku zote. Mutu wa namna hiyo atafute kazi nyingine ya kusaidia.

Na kama pavema imekwisha kukauka na ina vilima? Usiisugue kavu kwa mashini. Muchanga una silika, na vumbi lake jembamba linaingia katika mapafu na kukaa. Mwaka 1997 shirika la kimataifa la uchunguzi wa kansa liliweka vumbi hilo katika vitu vinavyoleta kansa. Wewe unayetoboa mwamba umelipokea vya kutosha kazini. Usiwaletee watoto nyumbani. Sugua kwa jiwe na maji, polepole, na uzoe tope lingali bichi.

Kisha kumaliza, funika pavema kwa plastiki au mifuko iliyoloana, na uiloanishe siku 7. Pepo za kiangazi chetu zinakausha uso kabla ya ndani, na hapo nyufa zinaanza. Mama, hapo kazi ni yako zaidi, maana baba atakuwa zamu. Maji ya kuoshea mwiko na talosi yamwagwe katika shimo na kufunikwa, yasibaki katika ndoo uani. Mutoto ataingiza mikono. Na suruali ile ya simenti isilale katika beseni moja na nguo za mutoto. Ifuliwe peke yake, kwa maji mengi, siku ile ile.