Mchuzi wa Dodoma Unatafuta Chupa

Mzabibu wa Dodoma haujui kungoja. Ukipogolewa mwishoni mwa Oktoba, baada ya takriban miezi minne vichala vimejaa, vimeiva, na ndege wameshapata habari. Kuanzia hapo mkulima wa Mpunguzi, Mbabala au Hombolo anahesabu siku. Gari la kiwanda likifika, mpimaji anakamua punje juu ya kioo cha kifaa kidogo, anakielekeza kwenye mwanga, anachungulia na kusoma kiwango cha sukari. Gari lisipofika, sukari inaendelea kupanda, punje zinanywea, halafu kuoza kunaanza.

Watoto wa Tanzania hukariri mazao ya mikoa tangu shule ya msingi: mkonge Tanga, kahawa Kilimanjaro, zabibu Dodoma. Orodha hiyo ni ya kweli, lakini inaishia shambani. Kulima zabibu Dodoma kumekwisha kuwezekana zamani. Wakulima wanavuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mwenzao wa Ufaransa hawezi hata kuliota. Ugumu uko katikati, pale zabibu inapotakiwa kugeuka mvinyo na mvinyo kupata mnywaji.

Waliouleta mzabibu Ugogo, nchi hii ya Wagogo, walikuwa na mnywaji tayari, tena wa uhakika: altare. Mapadre Waitaliano wa Shirika la Mateso walihitaji divai ya Misa, na sheria ya Kanisa katika hilo haina mzaha. Divai lazima itokane na tunda la mzabibu, na isiwe imeharibika. Badala ya kuendelea kuitegemea ya kutoka ng'ambo, walipanda mizabibu katika misheni ya Bihawana, kusini-magharibi mwa mji wa Dodoma. Mwaka unaotajwa mara nyingi ni 1957. Si wao wa kwanza kufanya hivyo. Mwaka 1629 mapadre Wafransisko walipanda mizabibu katika bonde la mto Rio Grande, New Mexico, kwa haja hiyohiyo ya Misa, zaidi ya karne moja kabla California haijawa na shamba la zabibu. Mikoa mingi ya mvinyo duniani isiyo na jina kubwa ilianzia sakristia.

Kwa mtu anayeijua historia ya Ugogo, ardhi hii haionekani kuwa ya anasa. Wazee wa Kigogo walisimuliwa na wazazi wao habari za Mtunya, njaa kuu ya 1918 hadi 1920. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba mpaka Aprili, na kwa mwaka mzima haizidi sana milimita 600. Ndiyo maana mtama na uwele vimetawala hapa kwa muda mrefu. Lakini ukame uleule unaoyatesa mahindi unaupendeza mzabibu, ambao maadui wake wakubwa ni fangasi. Hewa kavu, jua la kutosha, na usiku wenye ubaridi kidogo kwa sababu uwanda uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari: hivyo ndivyo zabibu inavyotaka.

Kinachokosekana ni majira ya baridi. Ulaya mzabibu hupukutisha majani, ukalala miezi kadhaa na kuamka wenyewe. Dodoma, nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, hakuna kinachoulaza. Mkulima ndiye anayeamua mwaka uanze lini, kwa mkasi. Akipogoa, mmea huchipua upya. Asipopogoa, unakuwa kichaka kinachozaa hovyo. Kwa hiyo kuna mavuno ya Februari na Machi, na mengine ya Agosti na Septemba. Utaratibu kama huo unafuatwa katika bonde la mto São Francisco, kaskazini-mashariki mwa Brazili, ambako nako hakuna baridi na mashamba hunywa maji ya umwagiliaji.

Mavuno hayo mawili hayalingani. Ya masika huja mvua ikiwa bado inanyesha, na ubwiri unga na ubwiri vinyoya vikiwa kazini. Mkulima ananyunyiza dawa mara nyingi, na maji mengi hupunguza ukali wa sukari ndani ya punje. Ya kiangazi huwa matamu na safi zaidi, ila yanadai maji ya kumwagilia, na maji hayo yanadai kisima, pampu na umeme. Kazi ya kutafuta mbegu na mbinu zinazofaa hali hii iko Makutupora, kaskazini mwa jiji. Vijana wengi wa nchi hii wanalijua jina hilo kwa kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, lakini hapo pia kuna kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, TARI, chenye dhamana ya zao la zabibu kitaifa. Makutupora Red, zabibu nyekundu iliyoenea kuliko zote mkoani, imechukua jina la mahali hapo. Pembeni yake wapo wageni wanaojulikana duniani, kama Chenin Blanc na Syrah, na wengine wasiojulikana sana nje ya Italia, kama Teroldego, Marzemino na Aglianico.

Hao wa mwisho wanahusishwa zaidi na Hombolo, kilometa zipatazo 40 kutoka katikati ya jiji, ambako mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilianzishwa Central Tanzania Wine Company, CETAWICO, kwa mtaji wa Waitaliano. Kabla yake kulikuwa na DOWICO, kampuni ya umma iliyobeba matumaini ya enzi ya Ujamaa kwamba Dodoma, iliyochaguliwa mwaka 1973 kuwa makao makuu, ingekuwa na kiwanda chake cha mvinyo kama ilivyokuwa na ramani ya mji wake mpya. Biashara huria ilipoingia, DOWICO haikuweza kusimama. Wakulima waliokuwa na mnunuzi mmoja wakajikuta hawana hata huyo mmoja. Wapo waliong'oa mizabibu wakarudi kwenye mtama, na nani atawalaumu? Ujuzi lakini haukupotea wote. Archard Kato, aliyeanzisha Alko Vintages na kuusambaza mvinyo wa Dompo mpaka kwenye baa za mitaani, ni miongoni mwa waliouendeleza.

Leo nenda kwenye kiwanda kidogo chochote cha Dodoma utasikia neno moja kila baada ya sentensi mbili: mchuzi. Si wa nyama. Ni zabibu iliyokwisha kukamuliwa na kuchachushwa, ikakaa kwenye tenki ikingoja kampuni kubwa yenye mashine ya kujaza chupa, lebo na malori. Mnunuzi anayetajwa sana ni Tanzania Distilleries, watengenezaji wa Konyagi, ambao pia hutengeneza mvinyo uitwao Dodoma. Mchuzi uliuokoa mkoa kwa namna yake, kwa sababu unaliondoa tunda kwenye hatari ya kuoza. Lakini unahamisha tu foleni. Mwaka ambao kampuni kubwa inapunguza oda, tenki la msimu uliopita linabaki limejaa, mavuno mapya hayana pa kuingia, na mwenye kiwanda kidogo anaanza kumkwepa mkulima aliyemwahidi kununua.

Kuna pia suala la joto. Zabibu ikichachuka hujipasha moto yenyewe, na mvinyo mweupe unaotakiwa kubaki na harufu yake ya matunda huchachushwa kwenye nyuzi 12 mpaka 18 hivi. Simtanki jeusi la plastiki lililosimama nje kwenye jua la Dodoma haliwezi kutoa hilo. Litatoa mchuzi, na mchuzi huo utauzwa kwa bei ya mchuzi. Tenki la chuma lisiloshika kutu na lenye mfumo wa kupoza ni ghali, linakula umeme, na benki hazikopeshi kwa urahisi kwa dhamana ya kitu kinachooza.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kilo moja ya zabibu hutoa kati ya nusu lita na robo tatu ya mvinyo. Chupa ya kawaida ya mililita 750 basi imebeba zabibu za kilo moja na kidogo. Anayesimama mbele ya rafu ya supermaketi na kulinganisha bei ya chupa na bei ya kilo shambani anaona mara moja fedha inakaa wapi: kwenye chupa, kizibo, lebo, usafiri, ushuru na jina.

Kwenye ushuru Serikali imesaidia kwa uwazi kuliko mahali pengine. Ushuru wa bidhaa unatenganisha mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za ndani na ule unaotumia za nje kupita asilimia 25, na wa kwanza unatozwa kidogo mno ukilinganisha na wa pili. Kiwango hicho cha asilimia 75 kinakutana na cha Marekani, ambako sheria ya shirikisho inataka mvinyo unaotangaza jina la jimbo kwenye lebo uwe na angalau asilimia 75 ya zabibu za jimbo hilo. Tofauti ni kwamba huko kinacholindwa ni jina, na huku ni bei. Mnywaji wa Dar es Salaam anayenunua chupa ya bei nafuu huenda hajui kabisa kwamba unafuu huo umetoka katika shamba la Chamwino, Dodoma.

Kuhusu jina, jimbo la New York lina kisa ambacho mtu wa Dodoma atakielewa bila mkalimani. Kuzunguka maziwa yaitwayo Finger Lakes, wakulima walikuwa wakiuza zabibu zao kwa kampuni chache kubwa, na Taylor, iliyoanza mwaka 1880, ilikuwa kati ya zilizovuma. Baadaye kampuni kubwa zikaanza kuchanganya mvinyo wa jumla ulioletwa kutoka California. Mjukuu wa mwanzilishi, Walter S. Taylor, aliyapinga hayo hadharani, na mwaka 1970 akafukuzwa kazi. Alihamia Bully Hill, juu ya ziwa Keuka, akaendelea kutengeneza mvinyo wake mwenyewe. Mwaka 1977 Coca-Cola iliinunua kampuni ya Taylor, na mahakama ikamzuia Walter kutumia jina la ukoo wake kwenye lebo. Alichofanya ni kulifuta kwa wino mweusi, chupa kwa chupa, na lebo hizo zilizochafuliwa zikawa tangazo ambalo hakuna fedha ingelinunua.

Kelele hizo zilifurahisha magazeti, ila kilichobadili maisha ya wakulima kilikuwa karatasi ya sheria. Mwaka 1976 New York ilipitisha sheria ya viwanda vya mvinyo vya shambani. Ilimruhusu mwenye mizabibu kutengeneza mvinyo wake na kumuuzia mnywaji moja kwa moja, kwa leseni ya gharama ndogo, mradi asizidi galoni 50,000 kwa mwaka, yaani kama lita 190,000. Wakati huo jimbo zima lilikuwa na viwanda visivyofika 20. Sasa vimepita 400. Vingi ni vidogo, na mnunuzi wake mkuu ni mtu aliyeendesha gari Jumamosi, akaonja, akabeba katoni.

Dodoma ina sehemu ya mfano huo bila kuukusudia. Tangu Serikali ilipohamia kwa kishindo mwaka 2016, na mji kupewa hadhi ya jiji Aprili 2018, wanywaji wamewafuata wakulima mlangoni: watumishi wa wizara na wajumbe wa mikutano, wakiungana na wabunge wenyewe. Soko ambalo zamani lilikuwa mwendo wa siku nzima kwa basi hadi Dar es Salaam sasa liko ng'ambo ya barabara. Lakini jiji hilohilo linahitaji viwanja. Shamba la zabibu lililo karibu na lami linauzika kwa fedha ambayo misimu mingi ya mavuno haiwezi kuleta, na mwenye watoto wa kusomesha hawezi kuambiwa akatae.

Jiji linahitaji maji pia. Visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, vimekuwa tegemeo la Dodoma kwa miongo mingi. Watafiti waliochambua kumbukumbu za kina cha maji ya bonde hilo kwa miaka 55 walionyesha, mwaka 2013, kwamba maji ya ardhini hapo hayaongezeki kila msimu. Hujazwa zaidi na mvua kubwa zisizo za kawaida, kama zile za El Niño za 1997 na 1998. Mavuno ya kiangazi, yale matamu, yanategemea umwagiliaji. Ndiyo maana skimu za matone kama ile ya Chinangali, wilayani Chamwino, zina uzito kuliko hotuba nyingi kuhusu zao hili.

Ladha nayo ina neno lake. Wanywaji wengi nchini walianzia kwenye mvinyo mtamu, na viwanda vikawafuata huko, kwa sababu sukari hufunika makosa ya joto na ya tenki. Hakuna aibu katika mvinyo mtamu. Shida ni kwamba ule mkavu, unaofichua kama Syrah ya Hombolo ilivunwa siku sahihi, haupati wa kuujaribu, na mkulima aliyejitahidi analipwa sawa na jirani yake aliyevuna mapema. Kupima sukari getini kungepaswa kuamua bei ya kilo, si kuamua tu nani anakataliwa.

Hayo yote yana mahali pa kuzungumziwa, tena karibu sana. Viwango vya ushuru wa mvinyo hupangwa upya na Bunge katika bajeti ya Juni, ndani ya jiji hilohilo. Agosti, wiki chache baada ya wabunge kufunga mafaili, vichala vya kiangazi vinaanza kuiva, na viwanda vidogo vinaanza kupima nafasi iliyobaki kwenye matenki.