JOTO LA CHATU LATAKA MSIMAMIZI

Wiki hii nataka tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu tutaliona la ajabu, nalo ni kufuga nyoka ndani ya nyumba. Kwetu nyoka akiingia ndani hutafutiwa fimbo. Lakini Ulaya na Marekani wapo watu wengi wanaofuga chatu mdogo mwenye asili ya Afrika Magharibi, nchi kama Ghana, Togo na Benin, kama sisi tunavyofuga paka. Ndugu zetu wanaoishi huko wana majirani wa namna hiyo, na pengine watoto wao nao wanaomba wanunuliwe chatu wao. Kwa hiyo habari hii si ya wageni peke yao.

Tuanze na msingi. Mwili wa binadamu hujitengenezea joto lake, kiasi cha digrii 37, iwe kipupwe au kiangazi. Nyoka hutegemea joto la nje: la jua, au la jiwe lililopigwa na jua. Akikosa joto, chakula hakisagiki tumboni na maradhi humwandama. Joto likimzidi hufa, tena upesi. Porini hujisaidia mwenyewe kwa kuhama. Huota jua, kisha huingia shimoni. Ndani ya sanduku la kioo hana pa kwenda ila pale ulipomwandalia wewe.

Ndiyo maana sanduku lazima liwe na pande mbili. Kwa chatu huyu, upande wa joto uwe kama digrii 31 au 32 za Sentigredi, na upande wa pili 24 hadi 27, na kila upande uwe na mahali pa kujificha. Ukilipasha moto sanduku lote sawasawa, umemfungia mnyama ndani ya tanuri.

Joto lenyewe hutoka kwenye balbu, au kauri ya umeme, au mkeka wa umeme. Vyote hivi havijui kusema "basi". Kazi hiyo ni ya themostati, kifaa chenye waya wa kuhisi joto uliowekwa ndani ya sanduku. Joto likifika kiwango, chenyewe hukata umeme au huupunguza. Wapo wanaosema hiyo ni gharama ya bure. Mimi nasema, asiyeweza kununua themostati asinunue nyoka.

Hata hivyo, themostati huamini tu kile ambacho waya wake unahisi. Waya ukichomoka ukaangukia nje, kifaa hudhani kuna baridi, na huendelea kuleta umeme usiku kucha huku mnyama akiokwa. Basi waya ufungwe imara upande wa joto, na kipimajoto cha pili kiwepo, kitazamwe kila siku.

Balbu na kauri vizungushiwe wavu wa waya. Mara nyingi nyoka hujiviringisha penye moto na haondoki hata ngozi ikiungua. Mawe ya umeme yanayouzwa kwa ajili ya wanyama hawa yamewaunguza wengi matumbo; ni heri kuyaacha. Kauri hupata moto mkali, hivyo ishikwe na soketi ya kauri, si ya plastiki. Mkeka usikunjwe wala usifukiwe chini ya mchanga mwingi. Plagi zisirundikwe kwenye kiendelezi kimoja. Na sanduku la kioo lisiwekwe dirishani, maana jua likiingia humo joto hukosa pa kutokea.

Wasikilizaji, haya si mambo ya kumhurumia nyoka tu. Wengi wa ndugu zetu huko wanapanga vyumba katika majumba ya ghorofa, na moto ukizuka hauulizi ni nani mwenye chatu na nani asiye naye.

Na sisi wa nyumbani tusisahau kwamba sheria za wanyamapori, ya Tanzania ya mwaka 2009 na ya Kenya ya 2013, zinataka kibali kabla ya mtu kumfuga mnyama wa porini. Huku kwetu jua lipo tele. Chatu na kobe waachwe walipo, walitumie wenyewe.