KUMWAGA NJE SI KINGA YA MIMBA

Jioni moja, kisomo kilipokwisha, mwanakisomo mmoja alibaki nyuma. Wenzake walipoondoka alinisogelea, akasema polepole: "Mwalimu, mke wangu ana mimba. Na mimi siku zote humwaga nje. Sasa mimba hii ni ya nani? Nataka nimrudishe kwao."

Nikamwambia: "Hebu kaa kwanza, ndugu yangu. Kabla hujamrudisha mtoto wa watu, tujue mwili unavyofanya kazi."

Aliuliza maswali mengi. Nayaandika hapa pamoja na majibu, maana si yeye peke yake anayeuliza. Haya si matusi. Ni elimu.

Manii ni kitu gani?

Manii, au shahawa, ni majimaji mazito yanayomtoka mwanamume. Ndani yake mna mbegu za kiume. Mbegu hizo hazionekani kwa macho, na kwa mara moja hutoka mamilioni. Mbegu moja tu ikikutana na yai la mwanamke, mimba inaweza kutunga.

Mtu akimwaga nje, mimba yaweza kuingia?

Ndiyo. Kabla mwanamume hajamaliza, humtoka majimaji kidogo bila yeye kujua. Mara nyingine majimaji hayo huwa na mbegu. Tena mtu anaweza kuchelewa kujitoa, au manii yakamwagika mlangoni mwa uke. Katika kila wanawake 100 wanaotegemea njia hii kwa mwaka mzima, kama 20 hupata mimba.

Je, tukikwepa siku za hatari?

Kukisia tu hakutoshi. Yai huishi kama siku moja tu, lakini mbegu za kiume huweza kuishi ndani ya mwanamke hata siku 5. Yaani mkikutana Jumatatu, mimba yaweza kutunga Ijumaa. Na siku za hedhi hubadilika.

Mke wangu hujiosha mara baada ya tendo. Mbona maji hayakuondoa mbegu?

Mbegu huenda upesi. Kabla mtu hajafika bafuni, nyingine zimekwisha kuingia kwenye mlango wa mfuko wa uzazi. Maji hayazifikii. Sabuni, ndimu, chumvi na dawa za kuulia wadudu pia hazisaidii. Tena huunguza ngozi laini ya ndani na kuua vijidudu vyema vinavyolinda uke. Uke hujisafisha wenyewe.

Basi tusioge?

Ogeni! Mama aoshe sehemu za nje tu, kwa maji safi. Akitawaza, aanzie mbele kwenda nyuma, ili uchafu wa haja kubwa usifike ukeni. Mwanamume asiyetahiriwa avute govi nyuma, aoshe chini yake kila siku. Lakini usafi hauzuii mimba, wala hauzuii kaswende au ukimwi.

Manii yaliyokauka kwenye shuka yanaleta mimba?

Hapana. Yakikauka, mbegu hufa.

Sasa tufanye nini?

Nendeni zahanati, mume na mke pamoja. Wataelezwa habari za vidonge, sindano, vipandikizi, kitanzi na kondomu. Kondomu huzuia mimba na pia hukinga magonjwa. Kama tendo limekwisha kufanyika bila kinga, viko vidonge vya dharura. Vinywewe mapema iwezekanavyo, kabla ya siku 5 kupita. Kila siku inayopita hupunguza nguvu yake.

Ndugu yule alinyamaza kitambo. Kisha akauliza: "Kwa hiyo mimba ni yangu?" Nikamjibu: "Mimi si mganga wa kupiga ramli. Ila kumwaga nje si ushahidi wa kumshitaki mkeo." Akaniaga, akaenda zake nyumbani. Wiki ya pili yake niliwakuta njiani wote wawili, wanakwenda kliniki ya wajawazito. Mume ndiye aliyeshika kadi.

Wangapi wamerudishwa kwao kwa sababu ya kutojua tu? Ndugu msomaji, msomee jambo hili na mwenzako nyumbani.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini kumwaga nje si kinga ya kutegemea?
2. Kujiosha ndani ya uke kuna madhara gani?
3. Katika zahanati yenu kuna njia zipi za uzazi wa mpango?