Mavuno Ushetu: Mambo matano ya shule ya kuamua kabla fedha za msimu hazijaisha

Ushetu. Huu ni wakati ambao kazi zote hudai mikono kwa pamoja. Mahindi yanakauka shambani, mpunga kwenye majaruba unalindwa dhidi ya ndege, na upande wa Ulowa mabani ya tumbaku yanatoa moshi usiku na mchana. Ni wakati huohuo ambao daftari la mahudhurio shuleni huanza kujaa alama za utoro.

Mzazi anaweza kuona wiki mbili tatu si kitu, mtoto atafidia baadaye. Lakini darasa la saba hufanya mtihani wa taifa Septemba, na likizo ya Juni ikiondolewa, muda wa kufidia ni mfupi sana. Darasa la nne, kidato cha pili na kidato cha nne nao hufanya mitihani yao kabla mwaka haujaisha. Kwa hiyo yanayoamuliwa nyumbani kati ya sasa na kufunguliwa kwa masoko ya tumbaku ndiyo yanayoonyesha nani atakuwa darasani mwishoni mwa mwaka.

Mengi kati ya hayo hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji kupangwa mapema, mavuno yakiwa bado mkononi.

1. Debe la chakula cha shule litolewe sasa

Ada imeondolewa katika shule za msingi na sekondari za serikali hadi kidato cha nne tangu 2016, na kidato cha tano na sita zikafuata mwaka 2022. Kilichobaki kwa mzazi ni sare, madaftari, na chakula cha mchana kwa wanafunzi wa kutwa.

Chakula ndicho hukwamisha wengi, kwa sababu michango huitwa Januari wakati ghala limeanza kuwa tupu na bei ya mahindi imepanda. Familia inayotenga mahindi na maharage ya shule wakati wa kuvuna, kabla ya kuuza, hutoa kitu kilekile kwa gharama ndogo. Kamati ya shule inaweza kukubaliana na wazazi kupokea nafaka badala ya fedha. Jambo hilo huamuliwa kwenye mkutano wa wazazi, na mzazi asiyehudhuria hupangiwa na waliohudhuria.

Kwa mtoto anayetembea kilomita kadhaa asubuhi bila kunywa chai, uji wa saa nne au sahani ya makande ndiyo tofauti kati ya kusikiliza na kusinzia.

Mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, nafaka inayopelekwa shule iwe imekauka vizuri na isiwe na ukungu. Sumukuvu, sumu inayotokana na fangasi wa kwenye mahindi na karanga, iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016, na kupika hakuiondoi. Pili, mwanafunzi hapaswi kurudishwa nyumbani kwa sababu mzazi hajachangia. Likitokea, zungumza na mwalimu mkuu, kisha ofisa elimu kata.

2. Mtoto akae mbali na tumbaku mbichi

Kusaidia kazi za nyumbani ni sehemu ya malezi. Kuchuma tumbaku ni jambo jingine.

Jani bichi la tumbaku lina nikotini, na jani likiwa na umande au maji ya mvua, nikotini hupenya kwenye ngozi ya mchumaji. Saa chache baadaye huja kichefuchefu, kutapika, kuumwa kichwa, kizunguzungu na kuishiwa nguvu. Mwili wa mtoto ni mdogo, hivyo kiasi kisichomsumbua mtu mzima kinaweza kumlaza yeye. Dalili hizi hufanana na za malaria. Mtoto anaweza kununuliwa dawa ya malaria bila kupimwa, na kesho yake akarudi shambani kwenye chanzo kilekile.

Akianza kujisikia hivyo, mwondoe shambani, mvue nguo zilizolowa, muogeshe kwa maji na sabuni, mpe maji ya kunywa na apumzike. Akitapika mfululizo, akipumua kwa shida au akilegea, mpeleke kituo cha afya na useme wazi kuwa alikuwa kwenye tumbaku. Bila taarifa hiyo mhudumu anaweza kutafuta ugonjwa mwingine.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, na inakataza kazi za hatari kwa yeyote aliye chini ya miaka 18. Hilo linahusu pia machimbo ya dhahabu ya Kahama na Geita, ambako vijana wengi wa kiume huishia baada ya kuacha shule.

3. Chanjo ya binti na dawa za kichocho

Wiki ya mwisho ya Aprili ni Wiki ya Chanjo Afrika. Kwa mzazi mwenye binti wa miaka 9 hadi 14, swali la kumuuliza mwalimu ni moja tu: je, amepata chanjo ya HPV?

Chanjo hii inamkinga dhidi ya virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kwa kuua wanawake nchini. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa dozi mbili, na tangu Aprili 2024 dozi moja inatosha. Ni bure. Haizuii mtu kupata mtoto baadaye, kinyume cha maneno ya vijiweni. Hutolewa mapema kwa sababu hufanya kazi vizuri zaidi kabla msichana hajakutana na virusi hivyo. Aliyekosa siku wahudumu walipofika shuleni aulizie kituo cha afya kilicho karibu.

Gharama ya kungoja ni kubwa. Mgonjwa wa saratani kutoka Ushetu huhitaji kusafiri hadi Bugando jijini Mwanza, au Ocean Road jijini Dar es Salaam, na kurudi huko mara kwa mara.

Kwa wote, wavulana na wasichana, kuna dawa za minyoo na kichocho zinazotolewa shuleni. Watoto wanaoingia majaruba, mabwawa na malambo wako kwenye hatari, na kukojoa damu si dalili ya kubalehe kama baadhi ya watu wanavyoamini. Siku ya dawa za kichocho mtoto ale kwanza, kwani akimeza na njaa anaweza kupata kizunguzungu au kutapika. Hapa lile debe la mahindi linarudi tena.

4. Aliyeacha shule bado ana nafasi

Novemba 2021 Serikali ilitangaza kuwa mwanafunzi aliyekatiza masomo kwa sababu yoyote, ikiwamo ujauzito, anaweza kurudi katika shule ya serikali. Mzazi aanzie kwa mkuu wa shule alikokuwa akisoma. Asingoje Januari, kwa sababu kila muhula unaopita humfanya binti aone aibu zaidi kukaa na wadogo zake darasani.

Kwa asiyetaka kurudi darasa la kawaida, kuna njia nyingine:

• MEMKWA, kwa mtoto aliyekosa shule ya msingi au aliyeiacha njiani. Ulizia ofisa elimu kata.

• Vituo vinavyosimamiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, kwa anayetaka kumalizia sekondari nje ya mfumo rasmi.

• Vyuo vya maendeleo ya wananchi, kikiwamo Mwanva kilichopo Kahama. Mpango wa Elimu Haina Mwisho katika vyuo hivi uliwalenga wasichana waliokatishwa masomo, wenye watoto wakiwamo.

Msimu wa fedha ni msimu wa posa pia. Tangu sheria ya elimu iliporekebishwa mwaka 2016, anayemwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Ng'ombe wa mahari hawawezi kufuta kosa hilo, hata familia zote mbili zikikubaliana.

5. Mwaka 2027 madarasa mawili yatahitimu pamoja

Walioanza darasa la tatu mwaka 2024 wapo kwenye mtaala mpya, ambao elimu ya msingi huishia darasa la sita. Waliokuwa darasa la nne mwaka huo wanaendelea hadi la saba. Makundi yote mawili yatamaliza mwaka 2027 na kuingia kidato cha kwanza Januari 2028.

Nyumba yenye watoto waliopishana mwaka mmoja inaweza kujikuta ikinunua sare mbili, madaftari ya watoto wawili na pengine baiskeli mbili kwa mkupuo. Malipo ya tumbaku na pamba huja mara moja kwa mwaka, kwa hiyo kilichobaki kwa maandalizi ni misimu, si miezi. Kutenga kidogo kila msimu, hata kwa kununua mbuzi wawili wa shule wasiouzwa kwa shida nyingine, ni nafuu kuliko kukopa Desemba.

Ukikwama, anzia hapa

Chakula, mahudhurio na kuhamisha mtoto anayefuata familia shamba la mbali: mwalimu mkuu. Usimwondoe mtoto bila uhamisho, maana jina na namba yake ya usajili hubaki shule ya zamani na mtihani unaweza kumpita.

Chanjo, minyoo na kichocho: zahanati au kituo cha afya.

Mtoto anayelazimishwa kuolewa, kufanya kazi ya hatari au anayefanyiwa ukatili: ofisa ustawi wa jamii, dawati la jinsia polisi, au piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto.