Usimpe kuku mahindi ya koga: funzo la Machakos kwa wafugaji wa Pwani

Gunia likifunguliwa, yakakutwa mahindi ya chini yameshikana mabonge na kuota koga, neno la kwanza utakalosikia nyumbani ni lile lile: "Usitupe, wape kuku." Ni kauli ya watu wasiopenda kuchezea riziki, na kwa bei za siku hizi hakuna wa kuwalaumu. Lakini kauli hiyo imebeba hatari ambayo ndugu zetu wa Machakos waliijua kwa msiba, na sisi tunaofuga kuku, bata, njiwa, sungura na mbuzi wa maziwa huku Pwani tuna sababu ya kuisikiliza.

Mwaka 1981, kati ya mwisho wa Machi na mwanzo wa Juni, watu 20 wa wilaya ya Machakos walishikwa na ugonjwa mkali wa ini. 12 kati yao walifariki. Karibu wote walitoka katika jamaa zilizokula chungu kimoja. Watafiti walipoyapima mahindi ya nyumba zilizopata vifo, walikuta sumu ifikayo sehemu 12,000 katika kila bilioni. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa leo Afrika Mashariki ni sehemu 10 tu. Na kuna jambo moja katika habari ile ambalo mfugaji hapaswi kulisahau: kabla watu hawajaugua, njiwa waliokula mahindi hayo na mbwa waliokula makombo ya nyumba hizo walikuwa wameshakufa. Wanyama walitangulia kutoa habari, ila hakuna aliyejua maana yake.

Mwaka 2004 balaa lilirudi kwa ukubwa zaidi. Makueni, Kitui, Machakos na Thika walihesabiwa wagonjwa 317, na 125 kati yao wakafariki. Mavuno yalikuwa haba, njaa ilikuwa mlangoni, na watu wengi waliingiza mahindi ndani ya nyumba kabla hayajakauka sawasawa. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba waliohifadhi mahindi mabichi ndani ya nyumba ndio waliokuwa katika hatari kubwa. Mahindi hayo hayakubaki mashambani tu. Sampuli zilipochukuliwa sokoni, zaidi ya nusu zilipita kiwango kilichoruhusiwa na Kenya wakati ule.

Sumu yenyewe ni ipi

Sumu hii huitwa sumukuvu, au aflatoksini. Hutolewa na aina ya koga inayopenda joto na unyevu, nayo huingia kwenye mahindi, njugu, mbegu za pamba na hata nazi kavu. Dunia ilianza kuijua kupitia chakula cha mifugo. Mwaka 1960 huko Uingereza walikufa batamzinga zaidi ya 100,000, na chanzo kikaonekana kuwa mashudu ya njugu kutoka Brazil waliyolishwa.

Ubaya wa sumu hii ni kwamba haionekani, hainuki na haina ladha. Koga unaiona, lakini sumu iliyoacha huioni. Ukiyaanika juani mahindi yaliyokwisha kuota koga, utaua unyevu, sumu itabaki. Ukiyaosha, ukiyakaanga au ukiyasaga na kuyapika, bado sumu nyingi inabaki. Kuchagua punje mbovu na kuzitupa husaidia kupunguza, lakini hakukupi uhakika.

Kuku anayekula kidogo kidogo kila siku hafi ghafla, na ndiyo maana tunadanganyika. Hupunguza kula, mayai huwa machache, vifaranga hudumaa, na maradhi mengine humpata kwa wepesi kwa sababu kinga ya mwili imeshuka. Mfugaji hulaumu mbegu ya kuku au hali ya hewa, kumbe tatizo liko kwenye debe la chakula. Vifaranga vya bata, batamzinga na sungura ni dhaifu zaidi ya kuku mbele ya sumu hii. Ng'ombe na mbuzi wa maziwa huipitisha kwenye maziwa, na maziwa hayo huishia kikombeni mwa mtoto.

Kuhifadhi kwenye hewa ya bahari

Machakos ni nchi ya ukame, na bado yalitokea hayo. Sisi tunaishi na hewa ya chumvi na unyevu mwaka mzima, na masika ndiyo zaidi. Huku hata mahindi yaliyokauka vizuri hurudi kunywa unyevu yakiachwa wazi.

Kwanza, hakikisha ukavu. Mahindi ya kuweka yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Kipimo cha nyumbani ni chupa ya kioo na chumvi kavu kabisa. Tia konzi ya mahindi ndani ya chupa kavu, ongeza kijiko cha chumvi, funga, tikisa vizuri, kisha acha kwa robo saa. Chumvi ikiganda ubavuni mwa chupa, mahindi yana unyevu zaidi ya asilimia 15, yarudishe juani. Yaanike juu ya turubali au jamvi, si juu ya mchanga. Chumvi isipoganda, ni dalili njema, lakini jua la siku moja zaidi halidhuru.

Pili, gunia lisikae sakafuni wala lisiegemee ukuta, kwa kuwa saruji hupitisha unyevu. Liweke juu ya kichanja au mbao. Ipo pia mifuko ya tabaka tatu inayouzwa kwenye agrovet, miwili ya plastiki ndani na gunia nje. Kila tabaka hufungwa peke yake, hewa huisha ndani na dumuzi hufa bila dawa. Lakini mifuko hiyo ni ya nafaka kavu tu.

Tatu, chakula kilichosagwa huharibika upesi kuliko punje nzima. Nunua cha wiki chache, tazama tarehe kwenye gunia, weka kwenye ndoo yenye kifuniko, wala usimimine kipya juu ya kuukuu. Kilicholowa kwenye chombo cha kuku kitupwe siku hiyo hiyo. Na chicha ya nazi tuliyozoea kuwatupia kuku wapewe ingali mbichi, isilale ikachacha.

Je, friza inasaidia?

Inasaidia kwa chakula kidogo, kama nafaka ya njiwa, chakula cha sungura au biskuti za paka. Baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku nne au zaidi huua dumuzi, fukusi na mayai yao, na koga haikui humo. Lakini friza haiondoi sumu iliyokwisha kuingia, kwa hiyo usigandishe chakula unachokitilia shaka.

Kosa kubwa liko kwenye kutoa. Ukifungua mfuko ungali baridi, hewa yetu ya Pwani hugeuka matone juu ya chakula, kama inavyotoka jasho chupa ya soda, na hapo umeialika koga mwenyewe. Gawa chakula kwenye mifuko midogo inayofunga barabara. Ukitoa mmoja, uache umefungwa mpaka upoe ubaridi wote, ndipo ufungue. Usiurudishe tena. Na umeme ukikatika muda mrefu, usiufungue mfuko kwa wasiwasi, kagua baadaye kama umelowa nje tu au ndani pia.

Kuku au njiwa wakianza kufa mara baada ya kufungua gunia jipya, simamisha chakula hicho siku hiyo hiyo, weka kiasi kidogo kando kwa ajili ya kupimwa, na umwite daktari wa mifugo. Nyama ya waliokufa isiliwe. Kama nyumba yenu nayo inakula mahindi ya gunia lile lile, acheni, na yeyote atakayeumwa tumbo, kutapika au kuwa manjano machoni apelekwe hospitali bila kungoja.

Mahindi yaliyoota koga yazikwe mbali na mifugo na watoto. Inauma kuyatupa. Lakini gunia moja lililozikwa ni hasara ya mwezi mmoja, na nyumba za Machakos zilipoteza zaidi ya hilo.