Pancha ya pikipiki: kiraka cha haraka hula mtaji

Kwa mfanyabiashara wa Kapalamsenga, mkoani Katavi, pikipiki ni mtaji unaotembea: hubeba abiria, mazao na mahitaji ya wachimbaji wa shaba. Pancha ikizibwa ovyo, hasara huzidi sana bei ya kiraka. Gurudumu likiisha upepo ghafla njiani, dereva anaweza kuanguka pamoja na mzigo.

Kosa kubwa ni kuziba mpira wa ndani bila kutafuta kilichoutoboa. Mwiba au msumari ukibaki kwenye tairi, pancha hurudi. Fundi akague tairi kwa ndani kwa tambara, si kwa kidole kitupu. Kisha apige msasa palipotoboka, apake gundi, asubiri ikauke kidogo ndipo abandike kiraka. Mpira utiwe upepo kidogo kabla ya kurudishwa, usije ukabanwa na vyuma vya kufungulia tairi. Uliochanika kwenye shina la vali hauzibiki, nunua mpya.

Kabla ya kuondoka, hakikisha nati ya ekseli imekazwa, breki inashika na upepo unalingana na maelekezo ya kiwanda. Kusubiri fundi ni nafuu kuliko kulipia mzigo ulioharibika.